Siku sita Wyoming: bunduki, upepo na kulungu wa mita 236

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Aurora, Colorado, kwa kuunganisha daftari dogo nililokuwa nikilibeba mfukoni na picha za simu, ambazo kwa bahati nzuri hujiandikia saa zenyewe. Nilisafiri na Kaka Musa, Mtanzania mwenzangu anayeendesha malori ya masafa marefu, ambaye huu ulikuwa msimu wake wa tisa wa kuwinda. Kwangu ulikuwa wa pili. Tangu turudi, watu walioniomba ushauri wameuliza karibu wote swali lile lile, ninunue bunduki gani ili nimpate kulungu akiwa mbali, nami nimeona ni afadhali nieleze safari yenyewe siku kwa siku, maana jibu langu lilibadilika njiani zaidi ya mara moja.

Neno kwanza kuhusu mnyama. Nikisema kulungu hapa simaanishi yule wa vichakani kwetu, ambaye pembe zake ni za kudumu na hukua naye maisha yake yote. Huyu wa Marekani magharibi huitwa mule deer kwa masikio yake, ambayo ni makubwa kama ya nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi; dume huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, na akishtuka hukimbia kwa kurukaruka, miguu yote minne ikiinuka na kutua pamoja, kana kwamba ardhi imemchoma.

Jumanne, tarehe 1 Oktoba 2024: uwanja wa shabaha

Bunduki yangu ni ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007, na hutumia risasi yenye kichwa cha greni 143 (kama gramu 9) kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Ya Kaka Musa ni ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, na darubini yake ni ya zamani, isiyo na kinobu cha kuzungusha ili kusogeza mahali pa kulenga wala mistari ya kuhesabia kushuka kwa risasi. Mimi nilikuwa na picha kwenye simu ya matundu matatu yaliyokaribiana kwa sentimita 1.7 kwenye mita 100, na picha hiyo nilikuwa nimeionyesha kwa watu wengi kuliko inavyofaa.

Kaka Musa aliniambia nipige kumi badala ya tatu. "Tatu ni bahati, mdogo wangu. Piga kumi kwenye karatasi moja, usichague, halafu upime." Nilipiga kumi, nikiuacha mtutu upoe kila baada ya risasi mbili, na matundu yakaenea sentimita 3.6. Bunduki ilikuwa ile ile, risasi za boksi lile lile. Niliudhika, lakini kipimo hicho ndicho kilichonisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua mwaka huu, kama itakavyoonekana mbele. Niliiacha darubini ikiwa sawa kwa mita 200, yaani risasi igonge pale pale nilipolenga kwenye umbali huo, na hivyo kwenye mita 100 risasi inatakiwa kugonga kama sentimita 4 na nusu juu ya kituo.

Kwa atakayefuata: boksi la risasi 20 lilinigharimu dola 44, nami nilitumia maboksi matatu kabla ya kuondoka. Mwenye bajeti finyu aipunguze bei ya darubini au ya begi, lakini asijinyime risasi za mazoezi. Halafu kuna suala la sheria, ambalo wengi wetu tunaoishi huku hulisahau. Mwenye viza ya muda haruhusiwi na sheria ya nchi kushika bunduki isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyotajwa, na leseni halali ya uwindaji ni mmoja wao. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho. Wyoming pia humtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baadaye awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Leseni yangu ya kulungu, kwa kuwa si mkazi wa jimbo hilo, ilikuwa dola 374, mbali na ada ya maombi na stempu ya uhifadhi, na huombwa miezi mingi kabla kwa njia ya bahati nasibu.

Jumatano, tarehe 2: Aurora hadi Saratoga

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa pikapu ya Kaka Musa. Hadi Fort Collins ni barabara kuu ya magari mengi, haina la kusimuliwa. Kutoka hapo barabara namba 287 inapanda kuelekea Laramie, na ukishavuka mpaka wa jimbo upepo unaanza kulisukuma gari ubavuni, dereva akiukamata usukani kwa mikono miwili hata pale barabara iliponyooka. Laramie tulijaza mafuta kwa dola 61, tukala chapati za baridi na maharage ya moto kutoka kwenye chupa ya shemeji, mke wa Kaka Musa, ambaye hakubali tuondoke bila chakula.

Badala ya kufuata barabara kuu ya I-80 tulishika namba 130, inayopita Centennial na kuvuka safu ya Snowy Range kwenye mita 3,306 juu ya usawa wa bahari. Barabara hii hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo mwenye kusafiri Oktoba aangalie hali yake kabla. Siku ile ilikuwa wazi, jua kali, theluji kidogo kwenye nyufa za majabali, na upande wa pili miti ya aspeni ilikuwa ya manjano kabisa. Tulisimama juu pale nusu saa, nami nikatumia nafasi hiyo kuangalia programu ya hesabu za risasi kwenye simu: hewa ikiwa nyepesi, risasi hupungukiwa kasi polepole zaidi, kwa hiyo hushuka kidogo na kusukumwa kidogo na upepo. Kwenye mita 200 tofauti haionekani. Kwenye mita 400 inafikia sentimita kadhaa. Jambo la kukumbuka ni kuiwekea programu shinikizo halisi la hewa mahali ulipo. Lile linalotangazwa na watabiri wa hali ya hewa limesahihishwa kana kwamba kila mji uko ufukoni, na ukilitumia utakosea.

Saratoga tulifika saa tisa alasiri. Moteli zilikuwa zimejaa wawindaji. Tulipata chumba cha mwisho kwa dola 118, kitanda kimoja na godoro la ziada sakafuni, ambalo kwa haki ya umri lilikuwa langu. Mji huu una bwawa la maji ya moto ya asili lililo wazi usiku na mchana bila malipo, linaloitwa Hobo Hot Pool, na ninalipendekeza kwa yeyote, ila aingize mguu mmoja kwanza. Mzee mmoja tuliyemkuta mle majini, alipojua tunakwenda wapi, alitueleza bila kuombwa ni bonde lipi lina malango ya kupitia na lipi ni ranchi ya mtu. Ushauri wake ulikuwa sahihi hadi kwenye rangi ya lango.

Alhamisi, tarehe 3: rasta

Kutoka lami hadi tulipopiga hema ni kilomita 31 za barabara ya vumbi yenye mikunjo midogo midogo, ile tunayoiita rasta, na kwa zaidi ya saa moja pikapu ilitetemeka kama mashine ya kusaga. Bunduki zilikuwa ndani ya masanduku yao yenye sponji. Nilidhani hilo linatosha.

Baada ya kupiga hema Kaka Musa alisisitiza kila mmoja apige risasi moja ya kujihakikishia kwenye karatasi, mita 100, kwa kuegemea begi kama tutakavyofanya porini. Ya kwake iligonga mahali pake. Yangu iligonga sentimita 13 kushoto. Nilipiga ya pili: sentimita 9 kushoto na chini kidogo. Ya tatu ikarudi karibu na kituo. Hapo mtu hushawishika kuzungusha kinobu cha darubini, nami nilikuwa tayari nimekishika, Kaka Musa akaniambia niondoe mkono. Risasi zikitawanyika hivyo ghafla, bunduki iliyokuwa sawa juzi, ukizungusha kinobu unafukuza kosa linalohama.

Alishika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, akatikisa kidogo, akaniambia niweke kucha yangu kwenye ungio. Niliihisi inacheza, mchezo mdogo kuliko unene wa karatasi. Pete za juu, zile zinazoishika darubini, zilikuwa zimekaza vizuri. Iliyolegea ilikuwa skrubu ya kitako cha chuma kinachobeba pete, iliyo chini na haionekani mpaka uing'oe darubini nzima. Darubini hiyo nilifungiwa dukani na sikuwahi kuikagua, kwa sababu fundi ni fundi na mimi nilikuwa nimelipa.

Bisibisi tulikuwa nayo, lakini spana ya kupimia nguvu ya kukaza hatukuwa nayo, na skrubu hizi ndogo ukizikaza kwa hasira unaziharibu au unaibana darubini hadi inaumia ndani. Tulirudi nyuma kilomita 9 hadi kwenye nyumba ya ranchi tuliyokuwa tumeipita. Alitoka mama mmoja mwenye mvi na kofia ya baba yake, kama alivyotueleza baadaye, akatusikiliza hadi mwisho, akaingia ghalani na kutoka na spana hiyo ndani ya kisanduku chake, pamoja na chupa ndogo ya gundi ya skrubu. Alisimama pale mlangoni mwa ghala tukifanya kazi juu ya meza ya mbao, akitushikia tochi. Tulisafisha mafuta kwenye skrubu, tukatia tone moja la gundi kwenye zile za chini tu, tukakaza za chini kwanza, kisha za pete kwa nyutoni-mita 2 hivi, kwa kupokezana pande mbili ili pengo libaki sawa. Tulipotaka kumlipa alikataa. Alichotaka ni tufunge lango tukitoka.

Kaka Musa alimalizia kwa kutoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha ya shemeji, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unaliona kosa bila kufungua kitu. Bei yake ni dola 3. Nimekwisha kuchora bunduki ya jirani.

Risasi nyingine 11 zilikwenda kusawazisha upya, kwenye mita 100 na kisha kwenye mita 200, na nusu ya siku ikawa imekwisha. Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu maswali ninayoulizwa yote ni ya mtutu na aina ya risasi, wala hakuna aliyewahi kuniuliza habari za skrubu.

Ijumaa, tarehe 4: mita 431

Tulitoka hemani saa kumi na moja, tukiwa na vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa, ambavyo ni lazima kisheria, ingawa Wyoming huruhusu pia waridi inayong'aa. Sheria inaruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Saa moja na dakika 20 tulimwona dume mzuri, pembe pana kuliko masikio, akila kwenye mteremko wa upande wa pili wa bonde.

Kipima umbali changu cha leza kilisoma mita 512. Cha Kaka Musa kilisoma 431. Tulirudia, mimi nikapata 512 tena, nikaanza kutetea chombo changu. Tulipoviegemeza vyote viwili juu ya stendi yangu ya miguu mitatu ndipo ilipobainika: mkono wangu ulikuwa ukitikisika, na mwali wa leza, ambao hutanuka kadiri unavyokwenda, ulikuwa ukimkosa mnyama na kugonga ukingo nyuma yake. Kwa bunduki yangu tofauti ya kushuka kwa risasi kati ya umbali huo mmoja na mwingine ni kama sentimita 40 pale alipokuwa. Risasi ingepita juu ya mgongo wake. Tangu siku hiyo ninapima mnyama, kisha jiwe lililo karibu naye, kisha kichaka kilicho mbele yake, na namba zisipopatana sipigi hesabu yoyote.

Halafu kulikuwa na upepo. Kipima upepo kilionyesha kilomita 11 kwa saa pale tulipokaa, lakini katikati ya bonde nyasi zilikuwa zimelala kabisa, na karibu na kulungu hazikutikisika. Tulikuwa na upepo wa aina tatu njiani na chombo kilijua mmoja tu.

Nilikaa chini nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya nyumbani. Eneo la moyo na mapafu la kulungu huyu tulichukulie kuwa duara la sentimita 22, yaani 11 kila upande kutoka kituoni. Bunduki yangu, kwa kipimo cha matundu kumi, hueneza sentimita 14 hivi kwenye mita 400, yaani 7 kila upande. Zinabaki sentimita 4 za kosa langu mimi. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni huisukuma risasi yangu karibu sentimita 25 kwenye umbali huo, kwa hiyo sentimita 4 ni sawa na kukosea upepo kwa kilomita 2 na nusu kwa saa. Sijui mtu anayeweza kuukadiria upepo wa bonde zima kwa usahihi huo, mimi siwezi.

Nikajiuliza, je, ningekuwa na bunduki inayoeneza nusu ya hiyo, ile ya maelfu ya dola niliyokuwa nikiitamani? Ningepata nafasi ya kukosea upepo kwa kilomita 5 kwa saa badala ya 2 na nusu. Na je, ningesogea hadi mita 250 na bunduki hii hii? Mtawanyiko unashuka hadi sentimita 9, upepo ule ule unaisukuma risasi chini ya sentimita 10, na nafasi yangu ya kukosea inakuwa kilomita 11 kwa saa. Kusogea mita 150 kulinipa zaidi ya mara nne ya nilichokuwa nacho, bila senti moja. Nilimwonyesha Kaka Musa lile daftari. Alilisoma akicheka. "Bunduki yangu inapiga kama yako, mdogo wangu. Ila mimi sikuwahi kuisoma kwenye intaneti." Ya kwake husukumwa na upepo karibu theluthi moja zaidi ya yangu, na darubini yake haina hata mstari mmoja wa kuhesabia, na kwa sababu hiyo hajawahi kufyatua zaidi ya mita 250 katika misimu tisa.

Tulijaribu kusogea kwa kuzunguka nyuma ya kilima, saa mbili nzima, na upepo ukageuka ukampelekea harufu yetu. Alikwenda kwa zile ruka zake nne kwa pamoja hadi akapotea.

Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887, ina msimamo kwamba uwindaji wa masafa marefu haupimwi kwa mita fulani bali kwa nia ya mwindaji, kama anamwinda mnyama au anajaribu vifaa vyake juu ya mwili wake. Zamani niliuona msimamo huo kuwa wa wazee wasiopenda teknolojia. Ijumaa ile sikuuona hivyo.

Jumamosi, tarehe 5

Upepo siku nzima, kiasi cha kung'oa kigingi kimoja cha hema. Tulilala, tukala ugali na samaki wa kopo, na alasiri tukafanya mazoezi ambayo ningeshauri yafanywe wiki nyingi kabla: risasi moja moja kutoka kwenye mikao ya porini. Nikilala kifudifudi juu ya begi nilikuwa sawa na mezani. Nikikaa na kuegemea fimbo mbili za kutembelea, mtawanyiko wangu kwenye mita 100 ulifikia sentimita 12, na hapo sifa zote za mtutu zilikuwa zimekwisha. Kwenye stendi ya miguu mitatu, nikiwa nimekaa na begi limebana chini ya kwapa la kulia, ulishuka hadi 6.

Kuhusu ile miguu miwili mifupi inayofungwa mbele ya bunduki: ni mizuri uwanjani. Nyanda hizi zimejaa vichaka vya seji vinavyofika kiunoni, na ukilala na miguu ya sentimita 20 unachokiona ndani ya darubini ni majani. Yangu ilirudi garini. Stendi ya miguu mitatu ilinigharimu dola 290 na ina uzito wa kilo 1.6, na kama ningelazimika kubaki na kifaa kimoja cha ziada ningebaki nayo, kwa sababu hubeba pia darubini ya macho mawili, na kulungu wengi tuliowaona tuliwaona kwa kutulia.

Jumapili, tarehe 6: mita 236

Upepo ulikufa usiku. Asubuhi barafu nyembamba ilikuwa juu ya maji ya ndoo. Kabla ya kuondoka niliangalia mistari myekundu kwenye skrubu. Yote ilikuwa mizima.

Saa tatu kasoro tulimwona dume mwingine, mdogo kuliko wa Ijumaa, mita 480 chini yetu kwenye kingo za aspeni. Safari hii hatukutoa hata kipima upepo. Tulishuka kwa korongo lililokauka, dakika 55, sehemu ya mwisho kwa magoti, na miiba ya aina moja ya mpungate mdogo ambao sikuwa nimeambiwa habari zake. Tulipochungulia juu ya ukingo alikuwa mita 236, ubavu wazi, akila. Mteremko ulikuwa wa nyuzi kama 20. Kwa pembe hiyo risasi huhesabika kana kwamba umbali ni mita 222, tofauti ya sentimita tatu hivi, na kwa darubini iliyosawazishwa kwa mita 200 sikuwa na haja ya kugusa kinobu. Seji ilinizuia kulala. Nilikaa, nikafungua stendi, nikabana begi kwapani. Mapigo ya moyo yaliuinua na kuushusha msalaba wa darubini juu ya bega lake, nikasubiri hadi ukawa unacheza ndani ya upana wa kiganja.

Nikafyatua. Kishindo cha risasi kugonga kilirudi kama kofi kwenye godoro. Aliruka mara moja, akakimbia mita 40 kuingia kwenye aspeni, kisha kimya. Kaka Musa alinishika bega nisisimame. Tulikaa dakika 15 kamili, nikiangalia mahali alipokuwa amesimama na mti alioingilia, maana ukishaondoka pale mandhari yote hubadilika na hutajua ulikuwa ukitazama wapi. Damu ilikuwa nyingi, nyekundu ya kung'aa, yenye povu. Tulimkuta ameshaanguka, kichwa kikiwa juu ya majani ya manjano. Risasi ilikuwa imepita sentimita 4 nyuma ya nilipolenga, ndani ya mapafu yote mawili.

Nilijaza tarehe kwenye leseni na kuifunga kwa mnyama pale pale, kama sheria inavyotaka kabla ya kumhamisha, kisha kazi ya kisu ikaanza. Nyama iliyotolewa mifupa ilikuwa kilo 29. Tulipanda nayo kwa awamu mbili, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bunduki nzito ya uwanjani, inayopiga vizuri sana, watu huiuza baada ya msimu mmoja. Yangu ni kilo 3.9 pamoja na darubini. Nyepesi zaidi ya kilo 3 hupiga teke na hutikiswa hata na pumzi. Zaidi ya 4 na nusu utaichukia saa nane mchana.

Jumatatu, tarehe 7: kurudi

Tulipitia kwa yule mama wa ranchi kumpelekea kipande cha mnofu wa mgongo. Hakuwepo, tulikiacha kwenye boksi la barafu lililokuwa kibarazani, na karatasi yenye maneno mawili, na tukafunga lango. Laramie tulisimama kwenye ofisi ya idara ya wanyamapori, wakachukua tezi za limfu kutoka kichwani kwa ajili ya kupima ule ugonjwa wa kudhoofika unaoua kulungu, uliogunduliwa kwanza Colorado miaka ya 1960. Hakuna mtu aliyethibitika kuupata, lakini mamlaka ya afya ya Marekani hushauri kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nao, kwa hiyo tuliigandisha nyama yote na kusubiri majibu.

Gharama zangu, leseni ikiwemo na bunduki isiwemo, zilifika dola 871: mafuta nusu kwa nusu 94, moteli 59, risasi za mazoezi na za safari 176, chakula na barafu 68, na zilizobaki ni ada ndogo ndogo na jaketi nililonunua Laramie kwa sababu langu nililisahau kitandani.

Majibu ya kipimo yalikuja baada ya wiki tatu: ugonjwa haukuonekana. Jumapili hiyo shemeji alipika pilau. Tangu hapo kila Jumamosi ninakwenda uwanjani na risasi moja tu ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, kwenye karatasi ile ile, mita 200, nimekaa, stendi mbele. Karatasi ina matundu saba sasa. Yameenea sentimita 14.